Jongoo bahari tunamuuza mkavu Uchina, kisha dawa yake tunainunua Malaysia. Kweli anatibu magoti?

#1 MtotoWaPaje

Salaam wakuu.

Mama yangu ana miaka 61. Alianza kulima mwani mimi sijatiwa hata chuoni kwa maalim, na leo nina watoto wawili. Magoti yamemchakaa. Asubuhi hainuki mpaka ashike ukuta, na akikaa chini kumenya muhogo, kuinuka ni mtihani. Diklofenaki amekunywa mpaka tumbo likakataa.

Mwezi wa pili mwaka huu mama mdogo alirudi kutoka Kuala Lumpur, alikwenda kumtazama mwanawe. Akamletea chupa sita za gamat: nne mafuta ya kusugua, mbili maji ya kunywa, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Zilipokwisha tukapata nyingine kwa mfanyabiashara mmoja mjini. Sasa mama anakwenda harusini kwa miguu na anarudi kwa miguu, na njiani anatuacha nyuma.

Juzi nikasoma kibandiko vizuri. Gamat ni jongoo bahari! Huyu huyu ambaye mjomba wangu anamtoa tumbo, anamchemsha, anamkausha na kumuuza kwa wanaompeleka Hong Kong. Nyumbani hatumgusi hata kwa kijiti, kinyaa.

Nauliza: ndani ya jongoo kuna kitu cha kweli kinachoshusha uvimbe, au tunapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa? Na kama kipo, mbona sisi wenye bahari hatukitengenezi?

#2 MzeeWaKaptula

Nimetandika mkeka. Kahawa chungu ipo, kashata zinakuja. Wataalamu piteni mbele.

#3 Kisiki

Mafuta yoyote ukimsugulia mtu goti nusu saa kila usiku, goti litapata nafuu. Ungempaka mafuta ya nazi leo tungekuwa na uzi wa nazi. Anayetibu ni mkono wako, jongoo wa watu msimsingizie.

#4 DadaWaKilifi

@Kisiki polepole. Nimefanya kazi na wapiga mbizi wa jongoo upande wa Kwale, nawafahamu hawa wanyama kwa majina: pauni, mchanga, spinyo. Ukimkera, yuko anayekurushia nyuzi nyeupe zinazonata kama ulimbo, na yuko anayetema matumbo yake yote nje, akaenda zake, baada ya wiki kadhaa ameotesha mapya. Wanaomwamini husema hapo hapo: anayejishona mwenyewe atashindwa kunishona mimi?

Hiyo ni hadithi. Kemia yake lakini ipo. Mwili wa jongoo una saponini, jamii ya kemikali zinazotoa povu kama sabuni, na ni sumu kwa samaki. Kwenye visiwa vya Pasifiki watu walimkamulia jongoo katika vidimbwi vya miamba ili samaki walewe. Ukuta wa mwili wake una pia sukari ndefu zenye salfa, na hizo ndizo watafiti wanazipenda zaidi kwa mambo ya uvimbe na damu kuganda. Kwenye sahani za maabara na kwa panya matokeo mazuri yapo. Kwa binadamu mwenye goti bovu, majaribio yaliyopangwa sawasawa ni haba mno.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta uzi: kitu kipo. Kama kipo ndani ya chupa yako, na kama kinapita ngozi na nyama mpaka kwenye goti, hayo ni maswali mengine mawili.

#5 KemiaWaKariakoo

Mimi nauza dawa, kwa hiyo mnaweza kusema nina maslahi. Ngoja niwape kisa kimoja ambacho kila mtu wa fani hii anakijua.

Goti likiumia, seli zinaanza kukata mafuta ya kuta zake zenyewe. Mkasi wa kwanza ni kimeng'enya kinachoitwa fosfolipasi A2: kinaachia asidi arakidoniki. Kimeng'enya cha pili, COX, kinaigeuza asidi hiyo kuelekea prostaglandini, na hapo ndipo wekundu, joto, kuvimba na maumivu vinapopata nguvu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zote zinafunga mlango huo wa pili. John Vane alilionyesha mwaka 1971 na mwaka 1982 akapewa Nobel. Ubaya wake ni kwamba prostaglandini hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo. Ndiyo maana tumbo la mama lilikataa.

Basi watu wakatamani kufunga mlango wa kwanza. Mwaka 1980 de Silva na Scheuer, wa Hawaii, walitangaza kitu walichokitoa kwa mnyama wa baharini, sifongo wa visiwa vya Palau aitwaye Luffariella variabilis. Wakakiita manoalidi. Mwanzoni kiliripotiwa kama kiua bakteria tu. Baadaye Robert Jacobs na wenzake kule Kalifornia wakaona kinaking'ang'ania kile kimeng'enya cha kwanza na hakikiachii tena. Watu wakashangilia. Kampuni ya Allergan ikakipeleka mpaka kwenye majaribio ya binadamu, kama dawa ya kupaka kwa wenye soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi. Kikaishia hapo, kwa sababu hakikupenya ngozi ya kutosha.

Hadi leo manoalidi inauzwa, ila wanunuzi ni maabara, wanaitumia kuchunguzia kimeng'enya. Zaidi ya miaka arobaini, na rafu yangu haina hata dawa moja ya uvimbe iliyotoka kwa sifongo. Za saratani zipo. Sitarabini ilibuniwa kwa kufuata kemikali ambazo Werner Bergmann alizikuta kwa sifongo wa Florida miaka ya mwanzo ya 1950, na Marekani iliiruhusu mwaka 1969. Kwenye saratani mtu yuko tayari kulipa na kuvumilia madhara. Kwenye goti dawa mpya inashindana na prednisoloni, dawa ya zamani ya kushusha uvimbe, na prednisoloni ni bei ya karanga.

Angalia basi: manoalidi, yenye nguvu zote zile, ilishindwa kupita ngozi. Hayo mafuta ya jongoo yanapitaje mpaka ndani ya goti?

#6 MwalimuWaLugha

Naingilia kidogo. Mnasema "uvimbe" kila mstari. Uvimbe ni wa goti, uvimbe ni wa jipu, uvimbe ni ule wa kwenye kizazi unaokatwa kwa upasuaji. Msomaji atachanganyikiwa. Lipo neno mchochota, na lingefaa zaidi hapa.

#7 MzeeWaKaptula

Mwalimu, mimi nikirudi nyumbani nikamwambia mke wangu nina mchochota, nitalala barazani.

#8 Mwanamwani

Mtoto wa Paje, huenda mimi na mama yako tunajuana. Mimi nipo Bwejuu, Unguja, nalima tangu 1991, mwani ulikuwa na miaka miwili tu tangu kuanza biashara kwetu.

Nikwambie goti la mkulima wa mwani. Ikifika bamvua, maji yakitoka tunashuka. Unainama saa tatu, saa nne, unafunga taitai, vile vijikamba vya kushikia mwani, kwenye kamba, maji yanakucheza mapajani, jua mgongoni. Ukimaliza unajitwika gunia la mwani mbichi, linachuruzika shingoni mpaka ufike pwani. Yakija maji mafu tunakaa nyumbani na goti linakaa nyumbani. Mimi langu linauma bamvua na linanyamaza maji mafu, miaka yote, na jongoo sijampaka.

Sasa niambie: mama yako bado anashuka?

#9 MtotoWaPaje

@Mwanamwani marahaba kwa kuniita mtoto, na shikamoo.

Hapana, hashuki. Alikuwa analima mwani wa aina ya kotonii, na kaskazi iliyopita maji yalikuwa moto, mwani ukawa mweupe kwenye vikonyo ukakatika wote. Kamba amezitoa Januari. Gamat ameanza Februari.

Sikuwahi kuyaweka hayo mawili pamoja mpaka uliponiuliza.

#10 Kisiki

Kesi imefungwa. Mpumzishe mama, chupa mpe paka.

#11 DadaWaKilifi

Haijafungwa hata kidogo. Mtu akiacha kazi na kuanza dawa ndani ya mwezi mmoja, huwezi kumsifu mmoja ukamfukuza mwingine. Na magoti ya uchakavu yana desturi ya kupanda na kushuka yenyewe. Mtu hutafuta dawa siku goti limefika kileleni kwa maumivu, na kutoka kileleni njia ni ya kushuka, upake jongoo au upake samli.

#12 KemiaWaKariakoo

Kwa kuwa Bi Mwanamwani amefika, nina jambo la kumchekesha au kumuudhi, sijui.

Mwani wenu unanunuliwa kwa ajili ya karajinani, ile inayofanya maziwa ya chokoleti yasitengane na dawa ya mswaki isimwagike. Sasa, mtu akitaka kujua kama dawa yake mpya inashusha uvimbe, kwanza anahitaji uvimbe. Anaupata wapi? Mwaka 1962 Winter na wenzake huko Marekani walieleza njia: unamdunga panya karajinani kidogo kwenye wayo, baada ya saa tatu hivi wayo umevimba, unaupima, kisha unaona dawa imeupunguza kiasi gani. Njia hiyo inatumika dunia nzima mpaka kesho.

Kwa hiyo dawa za baharini za kushusha uvimbe, huyo jongoo akiwamo, zinapimwa dhidi ya uvimbe ulioletwa na mwani.

#13 Mwanamwani

Astaghfirullahi. Miaka yote hii mgongo unakatika kumbe nalima cha kuvimbisha panya? Na sabuni tunazotengeneza kwa mwani, na achari yake, na juisi yake wanayouziwa watalii?

#14 DadaWaKilifi

Bibi usishtuke. Kudungwa chini ya ngozi na kula ni vitu viwili mbali. Hata maziwa, kinywaji cha mtoto, ukimdunga mtu msulini atavimba.

Na @KemiaWaKariakoo lazima nikusahihishe, umeruka ngazi. Karajinani si moja. Kotonii inatoa aina ya kapa, spinosamu, mwani wenu mwingine, inatoa ayota. Kwenye wayo wa panya inayopendwa ni lamda, na lamda inatoka kwa mwani mwingine wa maji baridi. Jina lenyewe limetoka Ireland, kwenye mwani wao wa miambani. Panya wa watu msimbebeshe mama wa Bwejuu.

#15 KemiaWaKariakoo

Nimenyooka, dada. Lamda ni kweli. Ila naongeza moja ambayo huwezi kunivua: mwaka 1969 Weinheimer na Spraggins walikuta tumbawe laini la Karibi, Plexaura homomalla, limejaa prostaglandini, jamii ile ile ya kwenye somo langu la #5. Kwa muda, kampuni za dawa zilikuwa zinalivuna tumbawe hilo kama kisima cha prostaglandini. Bahari ina vya kuzima na ina vya kuwasha.

#16 Kisiki

Hii ndiyo shida ya "dawa ya asili". Watu wakisikia bahari wanadhani ni mama mzazi. Sifongo na tumbawe hawatengenezi kemikali kwa ajili ya goti la mtu. Hawana miguu ya kukimbia, wamejiwekea sumu ili wasiliwe. Ikitufaa ni bahati.

#17 FundiWaDau

Hodi jamani, Lamu hapa.

Mnazunguka mbali na dawa ipo kwenye debe. Mafuta ya maini ya papa, sifa, tunayopaka vyombo mbao zisiliwe. Babu yangu alikuwa akichemsha mwenyewe, na kabla hajapaka jahazi anajimiminia kijiko kimoja mdomoni, kimoja anajipaka magotini. Alikufa na miaka themanini na kitu, juma moja kabla alikuwa juu ya mlingoti.

#18 Kisiki

@FundiWaDau na kwa harufu ya sifa, hakuna ugonjwa uliothubutu kumkaribia. Wala mtu.

#19 FundiWaDau

Alikuwa na wake watatu.

#20 MzeeWaKaptula

Sifa inauzwa wapi?

#21 NesiMstaafu

Nimecheka peke yangu. Mimi nilikuwa wodini miaka mingi, Tanga na kwingineko, sasa nalea wajukuu.

Kwa upande wa mafuta ya samaki, babu wa Lamu hakuwa mbali sana, ingawa maini ya papa yana vitamini A nyingi na kijiko cha kila siku nisingemshauri mtu. Omega-3 za samaki ndizo pekee katika haya mnayosema ambazo zimejaribiwa kwa binadamu wengi, hasa wenye baridi yabisi ile ya kinga ya mwili kugeuka. Kwa gramu kama tatu kwa siku, kwa miezi, wengine hupungukiwa na ukakamavu wa asubuhi na hupunguza vidonge vya maumivu. Nafuu yake ni ya wastani. Kapsuli moja ndogo haifiki hapo. Vibua na dagaa vinasaidia, lakini kula kila siku, si siku ya mgeni.

Na kuna jambo lililobadilisha nilivyofundishwa. Sisi tuliambiwa uvimbe (Mwalimu, nimeshindwa na mchochota wako) unaisha kwa kuchoka, kama moto uliokosa kuni. Charles Serhan na wenzake Boston wakaonyesha kwamba mwili una wazima moto wake, na baadhi yao unawatengeneza kutokana na mafuta haya haya ya samaki. Akawaita resolvini. Kwa hiyo pengine suala si kufunga mlango wa kwanza wala wa pili, pengine ni kuwaita wazima moto.

Lakini hayo siyo yaliyonileta. Mtoto wa Paje, nijibu matatu. Asubuhi mama alikuwa anakakamaa dakika chache au zaidi ya saa nzima? Zile chupa za mjini ni sawa kabisa na za Malaysia? Na uso wake ukoje?

#22 MtotoWaPaje

Shikamoo mama.

Kukakamaa: dakika kumi, robo saa, kisha anatembea. Chupa: kibandiko kinafanana ila wino umefifia, na haya ya kunywa ni machungu. Yale ya kwanza mama alisema yana ladha ya maji ya mchele. Uso umejaa. Umekuwa mviringo. Watu wote wanamwambia amenawiri tangu aache mwani, na sisi tumefurahi. Mbona umeuliza uso?

#23 NesiMstaafu

Marahaba mwanangu. Nimeuliza kwa sababu nimeona "dawa za asili" nyingi zenye steroidi za kizungu, jamii ya ile prednisoloni ya Kemia, ndani yake, zimesagwa zikakorogwa humo. Mgonjwa anaruka kwa furaha wiki ya kwanza. Baadaye uso unaumuka kama andazi, presha inapanda, sukari inapanda, mifupa inalika. Sisemi ndivyo ilivyo kwa mama. Mtu akiacha kazi ngumu, akala akashiba, uso unajaa vile vile, kwa heri kabisa.

Mpeleke apimwe presha na sukari, na chupa mwende nayo mkononi. Na sikiliza hili kuliko yote: kama amekunywa kwa miezi, asiache ghafla kwa sababu ya uzi huu. Ikiwa ni steroidi kweli, mwili umeshazoea kupewa, ukiunyima siku moja anaweza kuzimia. Daktari ndiye atakayesema ashuke vipi.

@Kisiki, ile chupa usimpe paka.

#24 Kisiki

Nimerudisha maneno mama. Shikamoo.

#25 KemiaWaKariakoo

@NesiMstaafu umegusa penyewe. Na ndiyo inanipa shaka na nafuu ya haraka. Steroidi zinazuia tangu mlango wa kwanza, kazi ile ile waliyoitamani kwa manoalidi. Swali kwa mleta uzi: nafuu ilianza chupa za mama mdogo au chupa za mjini?

#26 MtotoWaPaje

Nimeuliza nyumbani sasa hivi. Mama anasema chupa ya pili tu ya Malaysia alishaona mwanga. Dada yangu anasema si kweli, wakati wa Ramadhani alikuwa bado anaswali amekaa kwenye kiti, na Ramadhani tulikuwa tumeshanunua za mjini. Wamegombana. Baba anasema goti lilipona siku mama mdogo alipokuja, kwa kuwa mama alipata wa kuongea naye.

#27 Mwanamwani

Baba yako ana akili.

#28 BahariaMuscat

Salaam kutoka Muscat. Huku bibi zetu hawajui jongoo wala sifongo, wanajua lubani ya Dhofar. Inalowekwa usiku, maji yananywewa asubuhi, tumbo, kifua, magoti, kila kitu. Nayo ina asidi zake za kushusha uvimbe, wanasayansi wanazichunguza. Haina haja ya kupiga mbizi.

Halafu nauliza wenye elimu: jongoo kumnywa ni halali? Mimi kinyaa kimenishika nikiwa nasoma tu.

#29 FundiWaDau

Wamalaysia wengi ni Shafii kama sisi na wanamnywa. Kinyaa hakina fatwa.

#30 MgeniHapa

Mnasema bahari haijatoa dawa. Konokono wenye sumu, wale wa gamba la koni, tayari dawa yao ya uvimbe ipo hospitali Marekani tangu zamani.

#31 KemiaWaKariakoo

Karibu, ila umechanganya. Hiyo ni zikonotaidi, imetoka kwa Conus magus. Baldomero Olivera, Mfilipino, na wanafunzi wake ndio waliofungua njia kwenye sumu za konokono hao. Marekani iliiruhusu mwishoni mwa 2004. Lakini haishushi uvimbe hata chembe. Inaziba njia ambazo mishipa ya fahamu hupitishia habari ya maumivu, na lazima iingizwe kwa pampu kwenye maji ya uti wa mgongo. Ni kwa watu ambao hata mofini imewashindwa. Siyo ya kuuliza dukani kwangu.

Na watoto wa pwani wasiokote koni hai kwa ajili ya urembo. Wengine wa jamii hiyo wanaua mtu.

#32 MgeniHapa

Ahsante kwa darasa. Narudi kwenye mkeka wa Mzee wa Kaptula.

#33 MtotoWaPaje

Swali langu la pili limezama. Mbona sisi hatutengenezi?

#34 DadaWaKilifi

Nitakupa mifano miwili, ujionee.

Bahamas wana tumbawe laini kama mjeledi, Antillogorgia elisabethae. Jacobs yule wa manoalidi na William Fenical walitoa kwake pseudopterosini mwaka 1986, zinashusha uvimbe vizuri tu. Zimeishia wapi? Kwenye krimu ya uso ya Estée Lauder. Krimu ya urembo haidaiwi ushahidi unaodaiwa dawa, kwa hiyo inafika dukani haraka. Tumbawe wanalipogoa, wanaliachia shina lichipue tena. Chuo kikuu cha Kalifornia kikapata mrabaha wake.

Wa pili ni wa kwetu, ingawa si bahari. Ziwa Bogoria. Vijidudu vya maji yale ya moto vilichukuliwa miaka ya 1990, vimeng'enya vyake vikaenda kufifisha suruali za jinsi viwandani ng'ambo, na Kenya ikabaki inadai haki yake. Mkataba wa Nagoya wa kugawana faida ulianza kutumika 2014, baada ya maji kumwagika.

Kwa hiyo nadhani kinachotukwamisha ni karatasi na sheria kabla ya kemia.

#35 Kisiki

Si karatasi, ni hesabu. Kwenye dawa ya saratani iitwayo eribulini, kabla hawajajifunza kuiunda wenyewe, tani nzima ya sifongo wa New Zealand iliwapa miligramu 310 za kemikali mama. Tani! Ukitaka kuponya magoti ya Tanzania kwa jongoo, utamaliza jongoo kabla hujafika Morogoro. Bara wenyewe walishapiga marufuku kumvuna wa porini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 maana alikuwa anakwisha.

#36 Mwanamwani

Siku hizi anafugwa. Beit-el-Ras, hapa Unguja, wanatotoa vifaranga vya jongoo wa aina ya mchanga, wanaviuza kwa wafugaji wakavikuze kwenye vizimba. Shamba langu la mwani likifa moja kwa moja nitafuga jongoo. Awe dawa, asiwe dawa, Mchina atanunua.

#37 KemiaWaKariakoo

Hapo Bi Mwanamwani ametushinda sote kwa hesabu.

Lakini sikubaliani na @Kisiki kwamba ni uchache tu, wala na dada kwamba ni karatasi tu. Kemikali nyingi tunazosifia kwa sifongo zinaonekana kutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake. Ukimpata bakteria akakubali kukua kwenye pipa, tani za nini? Tatizo ni kwamba wengi wao hawakubali.

#38 MwalimuWaLugha

Naomba kujua "vifaranga vya jongoo" ndivyo wanavyoitwa rasmi?

#39 Mwanamwani

Mwalimu, njoo uwaulize wenyewe.

#40 MtotoWaPaje

Wakuu, mrejesho.

Leo tumekwenda hospitali. Presha 160 kwa 95, na hajawahi kuwa nayo. Sukari ni ya mpakani. Goti limepigwa picha, daktari anasema gegedu limelika pande zote mbili, ni uchakavu, na kwa picha ile hakutegemea kumwona anatembea namna hiyo. Damu imechukuliwa kupima homoni, majibu wiki ijayo. Ameuliza chupa.

Chupa hazionekani. Mama amezificha. Tumetafuta mpaka uvunguni na ndani ya pipa la mchele. Ameapa anakunywa nusu kijiko tu mpaka majibu yatoke, kama daktari alivyomwelekeza, lakini chupa haionyeshi, eti tutaimwaga. Na mama mdogo amempigia simu, anasafiri tena mwezi ujao. Kaagizwa sita.

#41 NesiMstaafu

Mwambie nimesema atoe hata matone kwenye kichupa kidogo, yapelekwe kupimwa. Hatuimwagi. Mama kwa mama.

#42 MzeeWaKaptula

Na mama mdogo akija aongeze ya saba. Goti langu la kushoto limekuwa likisoma uzi huu kimya kimya.